Kisukari Kinaweza Kuanzia Kwenye Njaa ya Tumboni

Kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, inapokaribia, wanaokuja kupima hutuuliza swali lile lile: "Mimi si mnene wala si tajiri, kisukari nimekitoa wapi?" Dhana kwamba huu ni ugonjwa wa wenye fedha imekanushwa miaka na miaka, na bado inachelewesha watu. Wapo wanaofika wakati figo zimeshaanza kuharibika. Jibu moja la swali hilo ni njaa ambayo mtu aliipata akiwa bado tumboni mwa mama yake.

Kati ya Novemba 1944 na Mei 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Mgawo wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watafiti waliwafuatilia watoto waliokuwa tumboni wakati huo. Ukubwani, miili yao ilishindwa kudhibiti sukari vizuri kuliko ya wenzao, hasa wale ambao njaa iliwakuta miezi ya mwisho ya mimba. Waliokutwa miezi ya mwanzo wengi walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini magonjwa ya moyo yaliwaandama zaidi. Kwa hiyo uzito mzuri wa kuzaliwa peke yake hauthibitishi kwamba mimba ililishwa vyema.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Mjini Enugu, Nigeria, waliozaliwa katika njaa ya vita vya Biafra, 1967 hadi 1970, walipimwa wakiwa na umri wa miaka 40 hivi. Shinikizo la damu na sukari vilikuwa juu kuliko kwa waliozaliwa baada ya vita.

Mimba yenye njaa huulinda kwanza ubongo. Kongosho, linalotengeneza insulini ya kudhibiti sukari mwilini, na figo hupata kilichobaki. Vichujio vya figo hukamilika kabla ya kuzaliwa na haviongezeki tena. Mwili uliozoea uhaba ukikutana baadaye na soda, chipsi na kukaa kutwa, hulemewa mapema.

Tafadhali, mama asilaumiwe. Hakuna aliyechagua kubeba mimba wakati wa njaa.

Nchini Tanzania, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa hakumaanishi lazima wataugua, ila wanahitaji kufuatiliwa. Kumjaza mtoto huyo uji wa sukari ili "anenepe" si tiba. Mpeni maharage, dagaa, mayai na mboga.

Ukija kupima, usile kwa muda wa saa nane au zaidi kabla ya kipimo. Maji yanaruhusiwa, chai ya rangi, hata bila sukari, hapana. Sukari ya milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita ya damu ni kiwango cha tahadhari. Kuanzia 7.0 ni kisukari, lakini kama huna dalili kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kuthibitishwa. Mweleze mhudumu kama ulizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 au ulipitia njaa utotoni, hata asipouliza. Na kadi ya kliniki ya mwanao isitupwe akianza shule: uzito wake wa kuzaliwa umeandikwa humo.