Je, wajua? Kisu cha vita kinaweza kuwa orijino na jina lililochongwa juu yake likawa feki

Juzi jamaa wa mtaani kwetu hapa Kariobangi amenionyesha kisu cha makomando wa Uingereza, kile kinaitwa Fairbairn-Sykes, ameuziwa akiambiwa kilikuwa zawadi ya afisa wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni huku Afrika Mashariki), na kweli kwenye bapa kumechongwa jina la mzungu, mwaka 1950 na alama ya E II R, yaani ya Malkia Elizabeth wa Pili. Nikamwambia boss, pole. Elizabeth alipata umalkia Februari 1952 akiwa huku kwetu Treetops, Nyeri, hiyo 1950 aliyekuwa kwa kiti ni babake, George wa Sita. Kisu chenyewe hakina shida, shida ni huyo aliyeandika hakusoma historia.

Sasa mbona mtu aharibu kisu kizuri hivyo? Ni pesa. Visu hivi Wilkinson Sword ya London ilianza kuvitoa wakati wa vita ya pili na vilitoka kwa maelfu, lakini kikiwa na jina la mtu na hadithi bei inaruka, na kuchonga jina si kazi, fundi wa kuandika vikombe vya mashindano huku tao anakumalizia ukikunywa chai.

Kitu cha kwanza mimi huangalia ni mikwaruzo. Azima ile lenzi fundi wa saa huweka jichoni. Kisu cha miaka themanini kimetolewa na kurudishwa kwa ala mara nyingi sana, kwa hivyo kama jina ni la kitambo utaona mikwaruzo imepita juu ya herufi na kulaza kingo zake, lakini kama limechongwa juzi ni herufi ndiyo inakata mkwaruzo, kingo bado kali ukipitisha kucha inashika. Pia chungulia ndani ya mfereji wa herufi, chuma kikiwa cheupe kinang'aa na bapa lote limefifia, jiulize. Wajanja hujaza rangi ya viatu humo ndani, so futa kwanza.

Alafu angalia mwandiko. Herufi za Arial, zile za kompyuta, zimeanza 1982, haziwezi kuwa kwa zawadi ya 1943. Na mtu ameandika "Vita ya Kwanza ya Dunia" na tarehe ya 1917, huyo alijuaje kuna ya pili inakuja?

Maarufu kabisa kwa kughushiwa ni jambia za SA ya Ujerumani, wale wanamgambo wa chama cha Hitler. Mapema 1934 mkubwa wao Ernst Röhm aligawa jambia zenye maneno ya urafiki na sahihi yake kwenye bapa, zimeandikwa kwa asidi wala si kwa patasi, kwa hivyo mfereji wake hauna kina. Kufika mwisho wa Juni Hitler akamgeuka, Röhm akauawa, na wenye jambia wakaamriwa waondoe hilo jina. Wengi walisaga. Zenye maandishi mazima zikawa adimu, na ndio maana mafundi wa baadaye walichukua jambia za kawaida wakaandika upya.

Huyo jamaa wangu sasa anataka kupeleka kisu Kamukunji jina lisagwe na grainda. Nimemwambia asithubutu, ukisaga bapa umeondoa ngozi yake ya zamani pia, hapo hata ule uorijino uliobaki umeisha.