Magugu ya sukuma wiki humalizwa kabla ya kupandikiza

Kila masika yakikaribia, simu yangu hujaa swali moja: nipulize dawa gani ya magugu kwenye sukuma wiki? Jibu langu huwaudhi wengi. Mwenye kuuliza hivyo, magugu yameshamtangulia.

Dawa za kuua nyasi pekee zipo, na mboga haidhuriki. Kasheshe ni haradali mwitu na figili mwitu, ambazo ni ukoo mmoja na sukuma na kabeji. Dawa ya kuziua ikipulizwa juu ya mboga, mara nyingi huondoka na mboga pia. Tena ndani ya magugu hayo ndimo wanamojificha viwavi wa kabeji, vidukari na bakteria wa kuoza kweusi, kwa hiyo ng'oa hata zile za kando ya mfereji.

Mimi hudanganya magugu. Tengeneza tuta mapema, lisawazishe, limwagilie kana kwamba umeshapanda, kisha ungoje wiki mbili. Yakichipua, yakwangue siku ya jua kali, juu juu tu, sentimita mbili hivi. Halafu pandikiza miche bila kulima tena, maana jembe likizama litapandisha mbegu zilizolala chini. Kwa udongo mweusi wa Ruai, kule Nairobi, sioni njia nyingine: mvua ikikolea, gambuti zinanasa, huingii shambani, na magugu yanajilia raha.

Ndago, lile gugu kama nyasi lenye viazi vidogo ardhini, usiikwangue ukadhani umemaliza. Nilipoanza kazi nilimshauri mzee mmoja wa Dagoretti ailime kwa jembe mpaka chini. Baada ya majuma machache akanipigia: "Kijana, njoo uone kazi yako." Shamba lilikuwa zulia. Chimbua shina moja taratibu kwa uma na utaona viazi vyake vimefuatana kama shanga kwenye uzi. Jembe hukata uzi, na kila shanga iliyokuwa imelala huamka ikachipua. Siku hizi shamba la ndago silipandi mboga mpaka limefukuliwa kwa uma na viazi vikaokotwa, msimu baada ya msimu.

Mwezi wa kwanza baada ya kupandikiza ndio wa kulinda kwa wivu. Kabeji ikishafunga majani hujipalilia kwa kivuli. Sukuma haina bahati hiyo: tunachuma majani ya chini kila wiki, kwa hiyo jua hufika chini siku zote. Ndiyo maana sukuma huiwekea matandazo ya nyasi kavu zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu. Na samadi mbichi ya boma siigusi, kwa sababu mbegu nyingi alizokula ng'ombe hutoka nzima.

Kile kigugu cha viua vyeupe vyenye kiini cha njano, ukiking'oa usikiache juu ya tuta bichi. Kitatia mizizi upya. Kitoe nje, ukianike njiani.