Yuniti moja ya sola inakugharimu shilingi ngapi?

Dhana: Ukishafunga sola, umeme ni bure.

Jua ndilo la bure. Jumlisha pesa zote utakazotoa mpaka mfumo uchoke, kisha gawa kwa yuniti zote utakazotumia. Paneli ndiyo yenye gharama ndogo. Ya wati 400 kwenye paa la Dar es Salaam hutoa kama yuniti 1.3 kwa siku, baada ya kuondoa kinachopotea kwa joto na kwenye waya. Kwa miaka 25, na uchakavu ukiwemo, ni karibu yuniti 11,000. Tuseme umeinunua Kariakoo kwa 250,000: yuniti inakujia kwa shilingi 23 hivi. Hapo ni kama unaitumia yote. Betri ikijaa saa sita mchana na nyumbani hakuna mtu, kinachobaki kinapotea na bei ya yuniti inapanda.

Dhana: Betri ya bei ndogo ndiyo nafuu.

Pesa nyingi huzama hapa. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina yuniti 1.2 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usivuke nusu: 0.6. Kwa mizunguko 500 hivi, yaani kuichaji na kuitumia mara 500, umepata yuniti 300 tu. Kama uliilipia 400,000, yuniti ya usiku imevuka shilingi 1,300, paneli bado hujaihesabu. Lithiamu ya ukubwa huohuo unaitumia hadi asilimia 80, mizunguko 3,000, hivyo yuniti kama 3,000. Hata kwa 1,500,000, ni shilingi 500.

Na mizunguko hiyo ya asidi ni ya nyuzi 25. Ukiifungia stoo chini ya bati, kwenye nyuzi 35, umri wake hupungua karibu nusu. Fundi wengi huiweka hapohapo kwa sababu waya unakuwa mfupi.

Dhana: Weka sola uachane na TANESCO.

Kwa bei hizo, bado. Yuniti ya LUKU kwa mteja wa kawaida ni takriban shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Kwa asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi ni kama 122. Huyu wa mwisho asinunue sola kwa kutafuta nafuu. Betri iwe ya kukatika kwa umeme: taa, feni, ruta. Pampu, pasi na mashine ya kufulia ziendeshe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kwa umeme wa paneli usiopitia betri.

Dhana: Haina matunzo.

Kigamboni na Mbezi Beach, chumvi ya bahari hula bolti za kawaida; dai za chuma cha pua. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa DC wa paneli na betri kuwa AC wa vifaa vya nyumbani, itengee bajeti ya kubadilisha mara moja, mwaka wa 10 hivi. Tena, inayokula wati 15 bila mzigo humaliza yuniti 0.36 kwa siku, zaidi ya robo ya paneli ile. Kama usiku unatumia taa za DC tu, zisizohitaji inveta, izime.