Jaji haulizi kama wewe ni mkimbizi

Wengi wanaonijia na uamuzi wa kukataliwa kutoka Kitengo cha Rufaa za Wakimbizi nchini Kanada huwa wamejiandaa kumweleza jaji, safari hii bila kusaza kitu, kwa nini wanaogopa kurudi kwao. Inanibidi niwakatishe tamaa mapema. Jaji wa Mahakama ya Shirikisho hasikilizi upya madai ya hifadhi, na kwa kawaida hapokei ushahidi ambao mwamuzi wa kitengo hicho hakuwa nao. Anachopima ni iwapo sababu za kukataa zinashikana na kuendana na ushahidi na sheria, kipimo ambacho Mahakama ya Juu ilikifafanua mwaka 2019 katika shauri la Vavilov.

Kwanza lakini huombwa ruhusa ya shauri kusikilizwa na mahakama hiyo, ndani ya siku 15 tangu mtu aarifiwe uamuzi. Jaji huamua kwa kusoma makaratasi tu, na akiikataa hakuna rufaa.

Katika madai ya hifadhi yanayotokana na maoni ya kisiasa, ufa ninaoutafuta huwa mahali pamoja. Nitoe mfano wa kubuni: mshonaji aliyeshona fulana za chama cha upinzani, kisha polisi wakamjia nyumbani mara mbili. Mwamuzi anaandika kwamba mama huyu hakuwa na wadhifa wowote chamani, hakuweza kutaja sera za chama, wala hajawahi kuhutubia mkutano. Yote hayo ni kweli, na mwenyewe hakudai vinginevyo. Swali, hata hivyo, limeelekezwa kwa mtu asiyehusika, kwani la kuulizwa ni polisi wanamwonaje. Katika shauri la Ward la mwaka 1993, lililomhusu mwanachama wa kundi lenye silaha la Ireland aliyewaachia mateka watoroke badala ya kuuawa, Mahakama ya Juu ilisema kwamba maoni ya kisiasa si lazima yawe yametamkwa, kwa kuwa kitendo chaweza kuyabeba, na kwamba yale ambayo mtesaji anambandika mtu hutosha hata kama si imani yake halisi.

Kwa hiyo hoja yangu ya maandishi haianzi kwa kulalamika kwamba mteja hakuaminiwa. Huanza na ukurasa fulani ndani ya jalada la kesi: kiapo cha jirani, tuseme, kinachoeleza kwamba polisi walimwita "fundi wa wapinzani", na ambacho uamuzi haukukigusa popote. Mwamuzi huchukuliwa kuwa amesoma kila kitu, kwa hiyo si kila ukimya ni kosa. Ila kadiri ushahidi unavyopingana moja kwa moja na hitimisho lake, ndivyo ukimya unavyokuwa mgumu kutetewa.

Hata hivyo Ward haimsaidii mtu ambaye mwamuzi, kwa sababu nzuri, hakuamini kwamba polisi walikuja kabisa. Ushahidi wa kiapo hudhaniwa kuwa wa kweli mpaka kuwe na sababu ya kuutilia shaka, na sababu hizo ndizo ninazozisoma kwanza, kabla hata sijakubali kazi.

Tukishinda, kwa kawaida jalada hurudishwa kwa mwamuzi mwingine, ambaye anaweza kukataa tena kwa sababu zilizoandikwa kwa uangalifu zaidi. Siku hiyohiyo ya hukumu, basi, huwa namwomba mteja aanze kukusanya uthibitisho wa yaliyotokea kwao tangu alipokataliwa.