Maana ya kurejesha ardhioevu

Kurejesha ardhioevu ni kuuondoa uharibifu uliovuruga maji, udongo na viumbe vya mahali fulani, hadi mahali hapo paweze tena kujiendesha. Kwa mujibu wa Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, ardhioevu si vinamasi tu, bali hata bahari ambayo kina chake hakizidi mita 6 maji yanapokupwa. Kwa hiyo misitu ya mikoko ya pwani yetu ya Kenya imo.

Kinachosikitisha ni kwamba kila zoezi la kupanda mikoko, hata likiwa la asubuhi moja, huripotiwa kuwa ni urejeshaji, na kipimo chake huwa idadi ya miche iliyochomekwa, si iliyopona.

Mikoko si mti mmoja. Watu wa pwani huutofautisha mlilana, unaostahimili maji mengi upande wa bahari, na mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi na mchu, na kila mmoja humea pale ambapo kujaa na kupwa kwa maji kunaufaa. Wapandaji hupendelea mkoko kwa kuwa mbegu yake ndefu huchomekwa topeni bila kuhitaji kitalu. Lakini ikichomekwa kwenye tope wazi lililo chini mno, ambako msitu haujawahi kuwapo, aghalabu miche hufa. Na ikimea, huwanyima ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia uwanja wao wa kutafutia minyoo na kaa. Hapo bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, hupunguzwa na kazi ileile iliyokusudiwa kuiongeza.

Swali la kwanza, basi, ni nini kiliiua mikoko. Katika hori la Mwache, Mombasa, ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 kuleta mashapo yaliyoifukia mizizi inayoupatia mti hewa, na dawa ya hilo inaanzia kwenye mashamba ya bara yanayomomonyoka. Gazi, katika Kaunti ya Kwale, hali ilikuwa tofauti: miti ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwandani, hasa miaka ya 1970, ilhali maji yaliendelea kuingia na kutoka. Kupanda kulifaa, na watafiti waliofuatilia maeneo yaliyopandwa waliwakuta kaa wamerejea na miche ya aina nyingine ikijiotea yenyewe.

Huduma za ikolojia, yaani manufaa ambayo watu huyapata kutoka kwa mazingira, nazo hazirudi kwa pamoja. Nguzo za kujengea hupatikana mapema zaidi, lakini sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo ndani ya tope lililojilimbikiza kwa karne nyingi, nayo hairudishwi na mche mchanga. Ndiyo maana mradi wa Mikoko Pamoja wa hukohuko Gazi, unaouza hewa ya kaboni (yaani unaolipwa kwa kaboni ambayo msitu huihifadhi) tangu 2013 na kugharimia maji na shule za vijiji, unategemea zaidi msitu wa asili unaolindwa kuliko miti iliyopandwa.

Ningeomba, kwa hiyo, ripoti zetu ziiite kazi ya siku hiyo upandaji, ambayo nayo ni kazi ya heshima, na neno urejeshaji liachiwe eneo ambalo chanzo cha uharibifu kimeondolewa na ambalo limekaguliwa tena miaka kadhaa baadaye.