Mkataba wa usiri haufuti jinai

"Wakili, mimi nilishasaini. Siruhusiwi kwenda polisi." Nimechoka kuisikia kauli hii, na wanaoileta huwa hawaulizi, wananiarifu. Wameshajihukumu kunyamaza kabla hata ya kunionyesha karatasi.

Basi niseme wazi. Kifungu cha usiri hakiwezi kukuzuia kuripoti kosa la jinai kwa mamlaka inayohusika. Kikiandikwa hivyo, ni batili kwa kiasi hicho, hata kama ulisaini mbele ya mawakili kumi na pesa ukapokea. Kesi ya jinai ni ya dola. Wewe ni shahidi, hata kama ndiye uliyeumizwa, na huwezi kuuza shamba la jirani.

Si jambo jipya. Mwaka 1856, katika kesi ya Gartside dhidi ya Outram, madalali wa sufu wa Uingereza walimshtaki karani wao wa zamani kwa kutumia siri za biashara yao. Yeye akajitetea kwamba walikuwa wakiwalaghai wateja. Jaji Wood alikataa kwamba mtu anaweza kufungwa na usiri unaoficha uovu. Sheria za leo zimefuata njia hiyohiyo: kifungu cha 43J cha sheria ya ajira ya Uingereza ya 1996, agizo la Umoja wa Ulaya la 2019 kuhusu watoa taarifa, na kanuni ya 21F-17 ya SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani.

Hiyo kanuni ya SEC inafaa kutazamwa vizuri. Mwaka 2015 kampuni ya KBR ilitozwa dola 130,000 kwa sababu ya maneno tu. Fomu zake za uchunguzi wa ndani ziliwataka wafanyakazi wapate kibali cha idara ya sheria kabla ya kuzungumzia waliyohojiwa, la sivyo wangeadhibiwa. SEC haikuwa na ushahidi kwamba kuna mfanyakazi hata mmoja aliyezuiwa kweli. Iliona kwamba sentensi yenyewe inatosha kumtisha mtu.

Na hapo ndipo vitabu vyetu vinaponikera. Vinaandika "batili" na kufungua ukurasa mwingine, kana kwamba neno hilo linamlinda mtu usiku anapowaza kurudisha fedha alizokwishatumia kwa kodi ya nyumba. Kifungu batili kinafanya kazi yake vizuri sana maadamu hakuna anayekipeleka mahakamani. Nina shaka hata kama wanaoviandika vifungu hivyo huwa wanategemea kushinda kesi. Wanategemea hofu.

Vifungu vingine havikatazi waziwazi. Zelda Perkins, msaidizi wa zamani wa Harvey Weinstein, mtayarishaji filamu wa Marekani, alisaini makubaliano London mwaka 1998, baada ya mwenzake kumtuhumu Weinstein kwa jaribio la kumbaka. Makubaliano hayo hayakumwambia "usiende polisi". Yalimtaka, endapo kungekuwa na kesi ya jinai, awaarifu kwanza mawakili wa upande wa pili na ajitahidi kupunguza atakayoyasema. Nakala yake mwenyewe hakupewa. Alinyamaza hadi 2017. Ukiniuliza mimi, kifungu cha namna hiyo ni kibaya kuliko katazo la moja kwa moja, kwa sababu mtu asiye mwanasheria hawezi kuona kasoro yake.

Sasa upande wa pili, maana kuna wanaosikia "batili" wakadhani mkataba mzima umechanika. Haujachanika! Orodha ya wateja, bei na kanuni za utengenezaji bado ni siri. Kinachoanguka ni sehemu inayoziba mdomo mbele ya polisi, mdhibiti na wakili wako. Kwenda kituoni si sawa na kumwaga kila kitu kwenye mitandao ya kijamii. Gazetini ni njia nyembamba zaidi: mahakama hupima masilahi ya umma, na hukumu hutofautiana kiasi kwamba sithubutu kumwahidi mteja matokeo.

Nyaraka ndizo zinazowaponza wengi. Chukua zile zinazoonyesha kosa. Ukinakili seva nzima unampa mwajiri hoja ambayo hakuwa nayo, na kesi inageuka kuwa juu yako.

La mwisho ni fedha. Kudai fidia ya madhara uliyopata ni haki yako, na suluhu ya madai inaruhusiwa. Kuuza ukimya ni jambo jingine. Kwa sheria ya Uingereza ya 1967, anayejua kosa zito limetendeka na ana taarifa za kusaidia mashtaka, akakubali malipo ili azifiche, anaweza kufungwa hadi miaka miwili, isipokuwa malipo hayo yawe ni kufidia hasara au madhara yaliyotokana na kosa lenyewe. Kwa hiyo usimwandikie mtu ujumbe wa "nilipe au naenda polisi". Nimeona mtu aliyedhulumiwa kweli akihojiwa kama mshukiwa wa vitisho kwa sababu ya mstari mmoja wa namna hiyo. Kama unakwenda kuripoti, nenda. Fidia uidai kwa barua nyingine, kupitia wakili, na polisi wasitajwe humo.