Konvatibo ya manuali si lazima iwe na gia za manuali

Hii imenishinda kunyamazia. Kwa magrupu ya magari hapa Kisumu mtu anaweka picha ya gari ya kufungua paa, anaandika "konvatibo, otomatiki, bei maelewano", halafu watu wanamuuliza paa inachukua sekunde ngapi kufunguka na yeye anajibu "si nimesema ni otomatiki", kumbe anaongelea gia. Sasa mnunuzi anatoka Nakuru na nauli yake akijua atafinya swichi, anafika anaonyeshwa vishikio viwili juu ya kioo cha mbele na anaambiwa omera shika hapo uvute.

Maana yenyewe ni fupi. Konvatibo ni gari ambayo paa yote inaondoka na kurudi, na kiwanda ndicho kiliibuni hivyo (sanrufu si konvatibo hata iwe kubwa aje, hiyo ni dirisha tu la juu kwa paa). Ukiambiwa paa ni ya manuali, wewe ndio unaifungua na mkono. Ukiambiwa ni ya umeme, kuna mota, ama pampu ya haidroliki inayozungushwa na mota, na wewe unafinya tu swichi. Basi. Gia hazijaingia hapo popote.

Angalia Honda S2000, ile ya 1999 mpaka 2009. Paa yake ni ya umeme, inaenda nyuma kwa kama sekunde sita, na bado kuna klipu mbili za mbele unafungua na mkono kwanza, lakini gia ni za manuali peke yake, sita, kiwanda hakikuwahi kutoa S2000 ya otomatiki hata moja. Halafu chukua Mazda MX-5 ya kwanza, ilitoka 1989, huko Japani iliuzwa kama Eunos Roadster. Hiyo paa ni ya mkono na gia unaweza kupata otomatiki kabisa. Kwa hivyo ukiandika "manuali" bila kusema manuali ya nini, hujatuambia kitu.

Sasa hiyo ya gia naweza kusamehe. Ile inaniudhi zaidi ni hii ya watu kusema softopu (paa ya turubai) ni manuali na hadtopu (paa ngumu) ni ya umeme, kama sheria. Nani alisema? Hiyo S2000 niliyotaja paa yake ni turubai na inaendeshwa na mota. Plymouth walikuwa wanafungua paa ya turubai kwa nguvu ya vakyumu, yaani ya kufyonza hewa, tangu 1939 huko Marekani. Na upande wa pili kuna Suzuki Cappuccino ya 1991, paa ngumu kabisa, vipande vipande, na unavitoa na mkono mmoja mmoja unavipanga kwa buti, hakuna swichi.

Lakini ushahidi mtamu uko Ufaransa, na ni Peugeot, ndio hao hao wa zile 504 zilizokuwa zinabeba watu huku kwetu kabla ya matatu za nisani. Kulikuwa na daktari wa meno anaitwa Georges Paulin ambaye alikuwa pia anachora magari, akabuni paa ya chuma inayojikunja yote na kuingia kwa buti, na katikati ya miaka ya 1930 Peugeot wakaiweka kwa gari zao za Éclipse. Ilikuwa inaendeshwa na umeme. Halafu 1936 wakatoa 402 Éclipse iliyorefushwa, na hiyo, paa ikiwa bado ya chuma, wakairudisha kuwa ya mkono. Yaani hadtopu ya manuali ilikuwa barabarani kabla babu zetu wengi hawajapanda gari. (Paulin mwenyewe aliuawa na Wanazi 1942 kwa sababu alikuwa kwa harakati za kuwapinga, mtu wa maana sana huyo na hapa hatajwi.)

Kitu kingine, manuali haimaanishi ni ya bei ya chini ama kiwanda kiliishiwa pesa. Porsche walipotoa Boxster Spyder ya 2010 waliipatia paa ya mkono makusudi, ili gari iwe nyepesi, na haikuwa gari ya mtu wa kubahatisha mafuta. Mazda nao walipoleta hadtopu ya umeme kwa MX-5 mwaka wa 2006 iliongeza kama kilo 36. MX-5 ya sasa ya turubai unaifungua na mkono mmoja hujatoka kwa siti, mwenye RF, ile MX-5 ya paa ngumu ya umeme, akiwa bado anangoja ashuke chini ya kilomita 10 kwa saa ndio mashine ikubali.

Ya umeme iko na raha yake, sikatai, mvua ya Kisumu ikishuka jioni hakuna mtu anataka kuanza kuvutana na turubai. Ila ikikataa inakataa. Nyingi ziko na pazia ndani ya buti la kutenga mizigo, lisipoingia mahali pake sawasawa swichi ya usalama inazima kila kitu, na mtu anatafuta fundi wa umeme na tatizo ni begi. Ile ya mkono nayo iko na adabu yake. Kwa ile MX-5 ya kwanza dirisha la nyuma ni plastiki na limezungushiwa zipu, unafungua zipu kwanza, unalaza dirisha lilale pole pole, ndio unasukuma paa nyuma. Wale wanaruka zipu ndio utaona plastiki imepasuka katikati mstari mmoja, tena na hili jua letu plastiki ikishakuwa ya njano inapasuka kama mkate mkavu. Lakini hiyo fundi wa siti wa jua kali anaweza kukushonea, ya pampu inayovuja utangoja spea.

Kwa hivyo, kwa upole, unapouza ama unapouliza, tenganisha. Paa inafunguliwa na mkono ama na swichi? Ni turubai ama ni ngumu? Gia ni gani? Ni maswali matatu na kila moja liko na jibu lake, na yule anaandika "full otomatiki" muulize tu, full wapi.